Maji ya Mukandori

Wenzangu wa Mururu, nisikilizeni. Nataka kusimulia jambo lililotuchanganya akili sote, nami nikiwamo.

Ilikuwa mwaka ule vita vya ng'ambo vilipoanza kutulia, na wanawake wetu wakaanza tena kuvuka daraja na mabeseni ya maparachichi kwenda kuuza Bukavu. Kila asubuhi Mukandori alipanda kilima na dumu la maji kichwani, akiimba nyimbo za kanisani. Alikuwa mjane. Vita havikumwachia mtoto, wala ndugu ila kaka mmoja aliyeishi Gihundwe. Sisi majirani ndio tuliokuwa watu wake.

Maji yale yalikuwa ya kijumba cha baridi. Agronomu, yule bwana shamba kijana, alitufundisha kujenga kuta mbili za matofali, kujaza mchanga katikati na kuulowesha asubuhi na jioni, ili maparachichi ya ndani yakae siku nyingi bila kulainika. Tulikijenga uani kwa Anastase na mkewe Drocella, tukaweka humo mavuno yetu sote. Lakini siku ya maelezo Anastase aliondoka mapema.

"Mimi nilikomea Bukavu tangu utoto," alisema. "Frigo, ile sanduku ya baridi, ninaijua. Ule agronomu ni mutoto, atanifundisha nini?"

Sasa, mnajua jinsi tunavyoivisha ndizi za pombe: shimoni, chini ya majani. Wiki ile mvua ilijaza shimo la Anastase. Akaitoa mikungu iliyokwisha kuanza kuiva, akatafuta mahali pa kuimalizia. Kijumba kilikuwa na giza na mfuniko, naye akaona ni shimo zuri kuliko lake. Akaipanga juu ya maparachichi yetu. Siku ya tatu akaitoa, akakamua pombe yake, wala hakuona sababu ya kumwambia mtu.

Siku ya soko tulifungua. Yote yalikuwa laini, mengine yameshakuwa meusi.

"Mungu wangu, iko nini hii?" Drocella alilia. "Tulipoziweka zilikuwa nguvu kama jiwe!"

Kisha Anastase akauliza, "Mayi ya kulowesha mchanga, nani alikuwa analeta?"

Macho yote yakamgeukia Mukandori.

"Papa Anastase, hata avoka zangu ziko mule. Zimeoza pia."

"Sisemi kitu, Maman. Nauliza tu."

Hakuhitaji kusema zaidi. Mnajua neno sumu, ile ya kurogea watu, linavyotembea hapa kwetu, hata lisipotamkwa. Tangu siku ile hakuna aliyepokea kikombe mkononi mwake. Mimi mwenyewe, na naona aibu kulisema, alipompa mwanangu uji niliumwaga majanini. Sikuamini kwamba anaroga, na sikuamini kwamba harogi, sikujua ninachoamini. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mtu aharibu mavuno yake mwenyewe. Wiki mbili baadaye alifunga mkeka wake akahamia kwa kaka yake.

Agronomu aliporudi, aliingiza kichwa kijumbani, akaokota kipande cha mkungu pembeni.

"Nani aliweka ndizi humu? Si niliwaambia, ndizi inayoiva huivisha matunda yote yaliyo karibu nayo?"

Tulibisha. Basi akachukua ndoo mbili zenye mifuniko, akaweka maparachichi magumu katika zote mbili, na ndizi mbivu katika moja tu. Baada ya siku nne maparachichi ya ndoo yenye ndizi yalikuwa yamelainika yote, ya ile nyingine bado magumu. Anastase alikaa chini pale pale uani.

"Basi ni mimi," alisema.

Tulikwenda naye Gihundwe. Mukandori alitupokea vizuri, akatuletea maji. Lakini kabla ya kumpa Anastase kikombe, alikunywa kwanza yeye, kama anavyofanyiwa mgeni usiyemjua, ili asiogope. Miaka yote ya ujirani hakuwahi kutufanyia hivyo.

"Kunywa, Papa Anastase. Nimeshaonja."

Anastase alilia mbele yake. "Utusamehe, Maman. Rudi kwetu."

"Nimebasamehe ninyi bote. Nitakuya kubasalimia," alijibu. "Kukaa kule, hapana."

FUNZO

Ndugu zangu, kitu kipya kikiharibika mikononi mwetu, tuulize kwanza sisi tulifanya nini, ndipo tumtazame jirani. Na anayeondoka kabla maelezo hayajaisha akubali kwamba hakuyasikia. Kijumba bado kipo, na maparachichi yanakaa vizuri. Ila maji tunapanda nayo wenyewe, na asubuhi hakuna anayeimba.