Damu Mara Tatu, Dawa Motoni

Wenzangu, asubuhi ya kijijini Kishushe ina utulivu wake. Siku ile Wakesho alikuwa amekaa nje ya nyumba akipepeta pojo, mumewe Elijah akiwatoa mbuzi zizini huku akiwagombeza kwa majina, kila mmoja na lake. Wakesho alicheka. Ndipo akaona mumewe anachechemea.

"Bado kile kidonda cha mwiba, Baba Shanice?"

"Kitapona tu," akasema Elijah.

Hakikupona. Jioni mguu ulikuwa umevimba hadi gotini na mwili unawaka homa. Kesho yake jirani mwenye pikipiki aliwafikisha kwenye hospitali moja mjini Voi.

Chumba cha dharura walimpokea vizuri, wakamtoa damu, wakampeleka wodini. Huko Sista Elsie, muuguzi wa wodi, aliandika jina la dawa ya sindano kwenye karatasi. "Mama, hii kwetu imeisha. Kanunue mjini." Wakesho akampigia shemeji yake auze mbuzi wawili. Wote wawili waliishia kwenye dawa ya siku mbili.

Siku ya pili mtu wa maabara akaja na sindano.

"Si mlitoa damu jana?" Wakesho akauliza.

"Daktari hajaona majibu, mama. Ameagiza upya."

Daktari alikuwa ameamua mguu upasuliwe, basi Elijah alishinda bila kula akingoja upasuaji. Jioni akaambiwa umeahirishwa, majibu hayajafika. Siku ya tatu, alfajiri, damu ikatolewa tena. Maabara walisema majibu yalishapelekwa. Wodini walisema hayajaletwa. Wakesho alienda na kurudi mpaka akaanza kujishuku. Labda ni yeye asiyesikia Kiswahili vizuri? Labda kuna mahali alitakiwa kwenda akasahau? Msimcheke, wenzangu. Mtu akizungushwa sana hujiona yeye ndiye mwenye kosa.

Dawa ikaisha. Akiwa njiani kwenda kununua nyingine, alipita mlango wa stoo ya dawa, akamkuta Badawy, mtunza stoo, akipanga maboksi kwenye kitoroli. Jina lililoandikwa kwenye boksi lilifanana na la karatasi yake. Akalinganisha herufi moja moja.

"Baba, hizi zinaenda wapi?"

"Kuchomwa, mama yangu. Muda wake waisha Ijumaa, na wodi haiziombi tena."

"Wodi wanasema hakuna!"

Badawy akamtazama, akaitazama karatasi. "Nani kasema?"

Wakesho alimshika mkono, akamvuta hadi wodini. "Sista, huyu hapa. Ongeeni mbele yangu."

Wakaongea. Kumbe miezi miwili nyuma dawa ilikuwa imeisha kweli, Sista Elsie akaacha kuagiza. Ilipofika nyingine, hakuna aliyemwambia.

"Nami nikadhani mmebadilisha dawa," Badawy akasema kwa sauti ndogo.

Sista Elsie, uso umemshuka, akaenda mwenyewe kuulizia majibu. Yote yalikuwa kwenye trei ya chumba cha dharura. Maabara walikuwa bado wanamjua Elijah kama mgonjwa wa huko. Hakuna aliyewaarifu kwamba amehamia wodini.

Upasuaji ulifanyika siku hiyohiyo. Mguu uliokoka, vidole vitatu havikuokoka. "Tungemfanyia jana, pengine vingebaki," daktari alisema, bila kumtazama Wakesho machoni.

Elijah alipozinduka aliuliza kwa nini vidole vimekatwa. Wakesho akaufunika mguu wake kwa shuka.

"Hawakuambiana," alisema.

"Hawakuambiana nini?"

"Hawakuambiana tu."

Funzo

Wenzangu, humu hamna mwizi wala mlevi. Kila mmoja alifanya kazi yake, lakini kila mmoja na mlango wake. Damu ikapimwa mara tatu, dawa ikanunuliwa huku nyingine ikingoja moto, na mtu akapoteza vidole. Hospitali inayotaka kupunguza gharama isikimbilie kupunguza wauguzi. Ianze kwa kuwakutanisha watu wa wodi, maabara na stoo kila asubuhi, waambiane kuna nini na mgonjwa yuko wapi. Nawe mwenye mgonjwa, ukipewa majibu mawili yanayopingana, usijilaumu. Waite waliokupa, waongee mbele yako. Kimya cha wafanyakazi bili yake humfikia mgonjwa.