Jenereta Yafika Howick Salama

Atuganile alikuwa na jiko lenye magurudumu. Lilikuwa karavani kuukuu, ile nyumba ndogo inayovutwa na gari ambayo watu huenda nayo likizo. Yeye na mumewe Josias waling'oa vitanda vyote. Mahali pavyo wakaweka jiko la gesi, sinki na friji mbili. Kila Jumamosi Josias aliifunga karavani nyuma ya pikapu yake, wakaivuta polepole kutoka Umbilo, mtaa wao jijini Durban, Afrika Kusini, hadi kiwanja cha mpira kilicho karibu. Hapo Atuganile aliuza samaki wa kukaanga, ugali, kisamvu ambacho Wakongo hukiita pondu, na maandazi.

Watu walimpenda. Watanzania wenzake walimwita dada Atu. Wakongo, ndugu za mumewe, walimwita Mama Peguy, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisomea uuguzi Johannesburg.

Jumamosi moja alikuja Niyongabo, katibu wa umoja wa makanisa yao. Alikula samaki wawili, akafuta mikono, kisha akasema:

"Mama Peguy, mwezi ujao tuna kongamano la akina mama kule Howick. Siku nne. Watu mia mbili na hamsini. Tunataka utupikie wewe."

Atuganile aliweka mwiko chini. Hakuwa amewahi kupikia watu wengi hivyo maishani mwake.

"Umeme upo?"

"Hapo ndipo penye shida. Ni uwanja na mahema tu. Mpishi wa mwaka jana alishindwa. Samaki waliharibika siku ya kwanza, akina mama wakala mikate mikavu."

"Mwaka huu hawatakula mikate mikavu," Atuganile alisema. "Nitakuja na jenereta."

Jenereta ilipatikana. Ilikuwa ya petroli, nyekundu, yenye uzito wa kilo themanini. Josias aliiita gurupe, kama wanavyosema kwao Bukavu. Alichomelea rafu ya chuma nyuma kabisa ya karavani, akaiweka gurupe yake hapo, akaifunga kwa kamba.

"Haitaanguka kweli, Baba Peguy?" Atuganile aliuliza.

"Iko muzito sana. Itaanguka namna gani? Mimi minaendesha gari tangu kijana."

Wiki mbili kabla ya kongamano walipata kazi ya harusi Hillcrest. Walikwenda vizuri na chakula kilisifiwa. Jioni, jenereta ikiwa bado ya moto na tangi likiwa na petroli, waliirudisha kwenye rafu yake wakaanza safari ya kurudi nyumbani.

Walipoanza kuteremka mlima wa kuelekea Pinetown, Atuganile alihisi kiti chake kikivutwa upande. Alitazama kwenye kioo cha pembeni. Mkia wa karavani ulikwenda kushoto. Ukarudi kulia. Ukaenda kushoto tena, safari hii kwa nguvu zaidi, hata pikapu nayo ikaanza kuyumba. Nyuma yao basi lilipiga honi ndefu.

"Josias!"

Josias alikanyaga breki. Karavani ikazidi kuchapa huku na huku. Akaachia breki, akaachia pedali ya mafuta, akaushika usukani kwa mikono miwili bila kuugeuza. Polepole gari likapungua mwendo. Mwishowe likasimama pembeni ya barabara.

Walishuka. Rafu ilikuwa imepinda. Jenereta ilikuwa imelala ubavu, imeshikwa na kamba moja tu. Petroli ilidondoka kwenye lami, tone baada ya tone.

"Eish," Josias alisema.

Hawakujua la kufanya. Wakaiinua jenereta, wakaiingiza ndani ya karavani katikati ya friji mbili, wakafunga mlango. Waliendesha kwa mwendo wa konokono hadi Umbilo.

Walipofika uani kwao, Atuganile alikuwa amechoka na mwili wote ulikuwa baridi. Alitaka chai tu. Alifungua mlango wa karavani. Harufu kali ya petroli ilimpiga usoni. Akafikiri, itatoka yenyewe. Akaingia, akachukua kibiriti.

"Atu! Usiwashe! Toka nje!"

Sauti ilitoka getini. Ilikuwa ya Amne, jirani yao wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Tanga. Amne alikuwa fundi katika gereji moja Chatsworth. Kazi yake ilikuwa kufunga vyuma vya kuvutia tela na karavani. Alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye taksi, bado yuko na ovaroli, harufu ikamfikia. Alikimbia, akamshika Atuganile mkono na kumvuta nje. Kisha akakitupa kibiriti mbali.

"Dada Amne, kuna nini?"

"Kuna mvuke wa petroli umejaa humo ndani. Mvuke huo ni mzito, unatambaa sakafuni usiuone. Ungewasha njiti moja tu, karavani ingeripuka nawe ukiwa ndani."

Atuganile alikaa chini palepale. Amne aliifunga mitungi ya gesi, akafungua mlango na madirisha yote. Unga wa siku ile ulinuka petroli, ikabidi utupwe wote.

"Nitampigia Niyongabo," Atuganile alisema kwa sauti ndogo. "Nitamwambia atafute mpishi mwingine."

"Hutampigia mtu," Amne alijibu. "Kesho Jumapili sifanyi kazi. Nipeni siku moja tu, wewe na shemeji."

Kesho yake Amne alikuja na ufagio na ndoo yenye maji nusu. Josias alikuwa amekunja uso. Hakupenda kufundishwa kuendesha gari.

"Shemeji, shika ufagio huu," Amne alisema. Alitundika ndoo mwishoni kabisa mwa mpini, mbali na mkono wa Josias. "Sasa tembea na ukate kona."

Josias alitembea. Alipogeuka, ndoo ilimvuta, maji yakamwagika kwenye viatu vyake. Akapepesuka. Atuganile alijaribu kuzuia kicheko, akashindwa.

"Sasa hebu tuisogeze ndoo karibu na mkono wako. Kata kona tena."

Safari hii ndoo ilitulia. Josias aliitazama, akautazama mpini, akaitazama karavani.

"Njo vile," alisema taratibu. "Gurupe ilikuwa ndoo."

"Ndiyo. Mzigo mzito ukikaa nyuma kabisa ya karavani, unaitingisha kama mkia wa mbwa. Na ukikanyaga breki kwa nguvu, unazidisha. Jana, kama mlivyonisimulia, uliachia mafuta na kushika usukani imara. Hilo ndilo lililowaokoa."

Uso wa Josias ulikunjuka. "Bon, dada. Sasa tutaiweka wapi?"

"Si nyuma ya karavani, wala si ndani yake. Wala si ndani ya gari mnamokaa nyinyi. Iweke kwenye bodi ya pikapu, mahali pa wazi penye hewa, ikigusana na ukuta wa kabini. Ila kwanza tuangalie pikapu yako inaruhusiwa kubeba uzito gani, pamoja na ule wa karavani unaoikalia kwenye ndoano."

Waliangalia kitabu cha gari. Uzito ulitosha, mradi magunia ya viazi yahamishiwe kwenye karavani. Amne aliwaonyesha pa kuyaweka: sakafuni, juu ya magurudumu, sawa kwa kulia na kushoto.

Kisha wakarudi kwenye jenereta.

"Usiibebe ikiwa ya moto," Amne alisema. "Izime, iache ipoe kabisa, ushike kwa mkono usisikie joto. Halafu hamisha petroli yote kwenye dumu lake. Washa tena kidogo mpaka ijizime yenyewe, ili kabureta ikauke. Ikishapoa, funga koki."

"Na ikilala ubavu kama jana?" Atuganile aliuliza.

"Isilale hata mara moja. Ikilala, oili inaingia pasipo pake na injini haiwaki. Isimame wima wakati wote."

Waliinyanyua watu watatu, wakaisimamisha juu ya kipande cha mpira ili isiteleze. Amne alitoa mikanda minne mipana ya kufungia mizigo, ile yenye kikazio cha chuma. Kila mkanda ulishika fremu ya jenereta upande mmoja, na pete ya bodi upande wa pili.

"Mbona usifunge kwenye mpini huu?" Josias aliuliza.

"Mpini ni wa kusukumia tu. Utang'oka. Funga kwenye fremu, pembe zote nne. Sasa itingishe."

Josias aliisukuma kwa nguvu zake zote. Pikapu ndiyo iliyotingishika. Jenereta haikusogea.

"Voilà!" alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Amne aliwapa maagizo ya mwisho kuhusu petroli. Dumu liwe lile lililotengenezwa kwa petroli, si chupa ya maji wala dumu la mafuta ya kula. Lisijazwe hadi juu. Wakati wa kulijaza liwekwe chini, si juu ya gari, maana cheche ndogo isiyoonekana inaweza kuwasha moto. Likishajazwa, lifungwe wima kwenye bodi. Na ndani ya kabini pawe na mtungi wa kuzimia moto, mahali pa kufikika haraka.

Atuganile aliandika yote kwenye karatasi. Kwa wiki mbili alimwomba Josias wafunge na kufungua mikanda ile kila jioni, mpaka mikono yao ikaizoea.

Siku ya safari ilifika. Waliondoka Alhamisi asubuhi. Mawingu yalikuwa mazito. Baada ya roboti chache, yaani taa za barabarani, na kipande cha barabara kuu, Josias aliingia kituo cha mafuta na kusimama bila kuambiwa. Alikagua mikanda yote. Mmoja ulikuwa umelegea kidogo. Akaukaza.

"Mwanzoni mwa safari vitu hujipanga," alimwambia mkewe, kana kwamba yeye ndiye aliyemfundisha Amne. Atuganile alitabasamu.

Walipita Pietermaritzburg na kuanza kupanda mlima mrefu wa kwenda Hilton. Ukungu ulishuka. Upepo ulivuma kutoka upande. Lori kubwa lenye tela mbili lilikuja nyuma, likaanza kuwapita. Atuganile alishika kiti. Lori lilipita likisukuma upepo kama ukuta. Akatazama kioo cha pembeni.

Karavani ilisogea kidogo, kisha ikatulia. Ilifuata pikapu imenyooka kama mstari.

"Umeona?" Josias alipaza sauti. "Mama Peguy, umeona?"

"Nimeona! Tazama mbele, wewe!"

Wote wawili walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Howick mvua ilikuwa inanyesha. Akina mama walikuwa wamejikunyata ndani ya hema kubwa, wengine wakiwa wametoka Johannesburg tangu alfajiri. Niyongabo alikuja mbio na mwavuli.

"Karibuni! Hiyo jenereta iingizeni humu hemani, isilowe."

"Hapana, kaka," Atuganile alisema.

"Mvua hii, mama!"

"Moshi wake una sumu isiyo na harufu wala rangi. Watu wakiuvuta hapa ndani, wanalala na hawaamki. Itakaa nje, mbali."

Niyongabo alitaka kubisha. Alimtazama Atuganile usoni, akaghairi. Josias alihesabu zaidi ya hatua kumi kutoka kwenye hema na kutoka kwenye karavani, mahali ambapo upepo ulipeleka moshi upande wa uwanja mtupu. Walisimamisha nguzo nne, wakafunga bati juu, pande zote wazi. Chini yake wakaiweka jenereta wima, mahali pakavu. Walipima oili. Wakatia petroli, injini ikiwa baridi. Wakatandaza waya mnene wa umeme hadi karavani.

Akina mama walikuwa wamesogea kwenye mlango wa hema kutazama. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mzee, Mama Spès, aliyekula mikate mikavu mwaka uliopita.

"Itawaka hiyo?" aliuliza kwa sauti.

Josias alishika kamba ya kuwashia, halafu akaiachia. "Vuta wewe," alimwambia mkewe.

Atuganile alifungua koki. Akavuta choki. Akaishika kamba, akapanga miguu yake vizuri kwenye nyasi zilizolowa, akavuta mara moja.

Jenereta ilinguruma.

Taa ziliwaka ndani ya karavani, kisha hemani, safu nzima. Friji zikaanza kuvuma. Mama Spès alipiga kigelegele cha kwanza, na wengine mia mbili wakakipokea. Jioni ile watu mia mbili na hamsini walikula ugali wa moto, samaki na pondu, huku mvua ikigonga turubai juu yao. Ijumaa walikula tena. Jumamosi pia. Hakuna samaki hata mmoja aliyeharibika.

Jumapili, baada ya ibada ya kufunga, Niyongabo alisimama mbele ya wote na kumwita Atuganile. Alisema mpishi wa mwaka ujao ameshapatikana. Kelele za shangwe zilikuwa nyingi hata hakuweza kumaliza sentensi yake.

Wakati wa kufunga mizigo, madereva wanne walikuja kwenye pikapu ya Josias. Kila mmoja alikuwa na tela, na wawili walikuwa na jenereta za vyombo vya muziki. Walitazama mikanda ile minne. Mmoja wao, Léonce wa Pietermaritzburg, alikuwa ameitupa jenereta yake ndani ya gari, juu ya magodoro, pamoja na petroli yake.

"Kaka, nani alikufundisha kufunga hivi?" alimuuliza Josias.

"Dada mmoja fundi wa Durban. Lakini hapa uliza mke wangu. Yeye njo mwalimu."

Atuganile alifuta mikono kwenye aproni. Akapanda kwenye bodi ya pikapu, akawatazama wanaume wale wanne waliosimama chini wakimsubiri.

"Haya, sogeeni karibu," alisema. "Léonce, kaitoe yako garini sasa hivi. Na kwanza niambie, imepoa?"