Kiti cha Zege Katikati ya Nyasi

Irene alirudi chuoni jioni ile kwa jambo dogo tu: kuona kama taa mpya zinakimulika vizuri kiti alichokijenga. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka milima ya Uluguru, na wanafunzi wengi walishaelekea mtaa wa Mafiga walikopanga vyumba.

Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupanga viwanja vya chuo: njia zipite wapi, watu wakae wapi. Siku zote alisema, tazama kwanza wanafunzi wanavyopita, ndipo ujenge. Na alitazama kweli. Vijia walivyovichora kwa miguu kwenye nyasi vilinyooka vyote, isipokuwa kimoja. Hicho kilifika katikati ya uwanja kikapinda, kikazunguka mahali patupu, kisha kikaendelea.

Hapakuwa na shimo. Hapakuwa na jiwe.

Alimuuliza Zuleha, mwanafunzi mchangamfu aliyezoea kumletea maji ya kunywa akimwona kasimama juani.

"Sijui, dada," Zuleha alisema. "Miguu tu inakataa. Wewe jenga kwingine, pale paache."

Irene alicheka. Mahali penye upepo mzuri vile, paachwe bure? Akaweka pale kiti kirefu cha zege. Hakuna aliyekikalia.

Jioni hiyo kilikuwa na mtu.

Bibi kizee mwenye kaniki, tenga la kabichi miguuni, kama wakulima wanaoshuka na mboga kutoka mlimani. Irene akafurahi. Hatimaye.

"Shikamoo, bibi."

Irene akasogea karibu.

Kisha harufu ikamfikia. Kabichi zilizooza... na ndani yake, harufu ya nywele zinazoungua. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye zege, ukipenya kati ya vidole vya yule bibi. Hakuviondoa.

"Umenifunikia jiko langu," bibi alinong'ona. "Watoto hawa walikuwa wananipisha. Wewe hukunipisha."

Irene alitaka kukimbia. Miguu haikunyanyuka.

"Nitakibomoa, bibi. Kesho asubuhi."

"Usibomoe. Kiti ni kizuri. Ila mimi sikai peke yangu." Akapapasa zege kando yake, polepole. "Nitajie mmoja. Au uje wewe."

Maelfu walisoma chuo kile. Irene alijua jina la mmoja tu, na alilijua kwa sababu ya maji ya kunywa.

Akalitaja.

Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu. Miguu ikawa myepesi. Akaenda zake nyumbani Kihonda, akala, akalala vizuri.

Kesho yake mchana Zuleha alikutwa amekaa pale, mikono magotini, hawezi kuinuka. Wanaume wanne walimvuta. Alipobanduka alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Ngozi ya mapaja yake ilibaki kwenye zege, kama nyama iliyogandia kikaangoni.

Zege lenyewe lilikuwa la baridi.

Bartholomeo, fundi aliyechimba msingi, alimvuta Irene pembeni. "Tulikuta mafiga pale chini, dada. Mawe matatu ya jiko, na jivu bado la moto. Nikakupigia simu. Ukasema tumwage zege tu."

Irene alikumbuka kwamba ndivyo alivyosema.

Siku iliyofuata, hospitalini, alimkuta Zuleha amelazwa kifudifudi. Mama yake, Mwanaasha, alikuwa amefika kutoka Ngerengere, ameketi kando ya kitanda.

"Tangu jana anarudia jina moja," mama alisema. "Irene. Ndiye wewe? Unamjua mwanangu?"

Zuleha aligeuza shingo kwa shida, akamtazama. Midomo ilikuwa imepasuka. "Dada," alinong'ona, "mbona ulinitaja?"

"Anaweweseka," Irene alimwambia mama. "Mimi simjui. Nimetumwa tu kuleta pole za chuo."

Zuleha akafumba macho.

Mwanaasha alimtazama Irene kitambo. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na uchovu tu.

"Haya, asante kwa kuja. Ukitoka, mpitie yule bibi wa watu hapo mlangoni. Nimemkaribisha, amekataa kuingia. Anasema kwenye kiti bado kuna nafasi, anakungoja mwondoke pamoja."

Irene alibaki amesimama. Wageni wengine waliaga, wakatoka mmoja mmoja. Wodi ikaanza kunuka... nywele.

Muuguzi akaja, akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Irene hakusogea. Muuguzi akamshika mkono kwa upole, akaanza kumwongoza mlangoni.