Almasi ya Mke Asiyetajwa Jina

Almasi ya kweli haikai na ukungu. Ukiipumulia, mvuke wa pumzi hutoweka kabla hujafumba kinywa. Kioo hubaki na utando kwa muda. Sadallah alikuwa amekisoma kipimo hicho mahali pengi. Pete ilipofika Kibiti kwa basi, siku ya Alhamisi, alikifanya mara tatu, na mara tatu jiwe likajisafisha papo hapo. Jumanne iliyofuata, baada ya sala ya alasiri, alifungua kisanduku aitazame tu, bila kuisogeza karibu na uso, akakuta jiwe lina ukungu. Akalifuta kwa kitambaa. Likapata ukungu tena, likatakata, likapata tena, kwa mwendo wa mtu anayepumua usingizini.

Akafunga kisanduku, akajiambia ni joto.

Alikuwa mpima ardhi, mtu wa kuamini vipimo. Mwaka wa tatu sasa alikuwa mgane. Mkewe Mwanaidi alifariki kabla hawajajaliwa mtoto, na tangu hapo Sadallah alikula akishiba au asiposhiba, akalala akisinzia tu. Sasa alikuwa amemchumbia Zuhra, mwalimu wa shule ya msingi huko Dimani, na nikahi ilipangwa Ijumaa. Zuhra alipoulizwa mahari yake alitaja kitu kimoja, pete ya almasi. Mchumba wake wa kwanza alimvisha kioo, na sonara alipokitambua, kijiji kizima kilicheka.

"Sitaki kubwa, Bwana Mpima," alimwambia Sadallah. "Liwe dogo kama punje ya mtama, lakini liwe la kweli. Ukinidanganya kwa jiwe utanidanganya kwa mengine."

Kwa hiyo Sadallah alitafuta kwa miezi miwili kwenye simu, kwa uangalifu uleule wa kutafuta mpaka wa shamba lenye ugomvi. Alijifunza kwamba mkato huja kabla ya uzito, maana jiwe kubwa lililokatwa vibaya huvujisha mwanga kama pakacha. Alijifunza kwamba umanjano kidogo hauonekani jiwe likishavikwa dhahabu. Kwamba picha haitoshi, muuzaji atume video jiwe likizungushwa mchana. Kwamba cheti cha maabara kina namba, na namba hiyo huchongwa ubavuni mwa jiwe, isomeke kwa lenzi tu. Alikataa mawe sita. La saba lilitimiza yote, na lilikuwa rahisi kuliko wenzake kwa sababu moja ambayo muuzaji hakuificha: lilishavaliwa. Sadallah hakuona ubaya. Almasi haichakai. Cheti hakiandiki jiwe limevuliwa kidole cha nani, naye hakuuliza.

Kosa lenyewe alilifanya Jumapili. Kwao vitu vya bibi harusi havitoki nyumbani bila kufukizwa udi, na dada yake mkubwa, Mwantumu, aliyekuwa akiishi naye tangu msiba, aliweka chetezo chumbani kwa Sadallah, akapanga doti za kanga, mafuta na manukato, pete juu kabisa, kisha akaenda sokoni. Sadallah akabaki peke yake ndani ya moshi. Akaishika pete mkono wa kulia ajifunze kutamka kabuli, yale maneno ya bwana harusi ya kukubali ndoa, kwa kuwa mtu aliyewahi kuoa anajua ulimi unavyoteleza mbele ya wanaume.

"Nimekubali kumuoa," akaanza, na jina lililomjia lilikuwa la Mwanaidi.

Akafumba kinywa. Alipoanza upya aliliruka jina. "Nimekubali kumuoa, kwa mahari haya."

Moshi uliokuwa ukipanda wima ukalala upande mmoja, kama mtu amepita kutafuta pa kukaa.

Usiku ule alilala fofofo, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu. Aliota Mwanaidi yuko ubavuni pake. Katika ndoto alimwita, naye akaitika, "Abee." Ikawa hivyo Jumatatu pia, na Jumanne. Asubuhi upande wa pili wa kitanda ulikuwa na unyevu, na shuka lilinuka kisima kilichofunikwa muda mrefu.

Jumatano mchana Mwantumu alimwita jikoni, akarudisha mlango.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "Ijumaa si mbali. Ungevumilia."

"Nivumilie nini?"

"Huyo uliyemweka chumbani. Tangu juzi namsikia akioga. Nimenyamaza nikidhani mtaona aibu wenyewe."

Sadallah alimtazama usoni asione mzaha. Akatoka jikoni, dada yake nyuma yake akiwa ameshika ncha ya shati lake kama walivyokuwa wakifanya utotoni, wakapita ukumbini ambako jua la saa nane lilikuwa limejaa tele, wakasikia kopo likichota maji na maji yakimwagika taratibu juu ya kitu kisichokuwa sakafu, na alipousukuma mlango wa chumba sauti ikakatika, bafu la mle ndani likawa tupu, ila sakafu ilikuwa imelowa, na kutoka pale nyayo nyembamba zenye maji zilikwenda hadi kitandani, nyayo za kwenda tu, zisizo na za kurudi, na kwenye mto kisanduku cha pete kilikuwa wazi, na ndani yake hamna kitu.

Simu ikaita. Alikuwa Zuhra, na hakusalimu.

Alisema alipiga asubuhi, simu ikapokewa na mwanamke. Mwanamke huyo alimwambia kwa adabu aache kusumbua waume za watu. Sadallah aliapa kwamba simu ilikuwa mfukoni mwake asubuhi nzima. Zuhra akauliza jambo ambalo Sadallah hakulitegemea.

"Huyo mwanamke alikuwa anavuta pumzi ndani tu, hatoi. Uko salama?"

Alimjibu kwamba hajui, na kwamba kama hatamwona Ijumaa asidhani ni hila. Zuhra akasema atamngoja mpaka aelezwe kitu cha kweli, kiwe kibaya namna gani. Sadallah akaelewa kwamba imani hiyo ndiyo atakayoipoteza.

Alimwandikia muuzaji ampe jina la aliyeivaa pete. Jibu lilikuja upesi kuliko alivyojibiwa siku za kununua: samahani, jiwe hilo hatulipokei tena. Kwa lile neno la mwisho akajua kwamba jiwe lilishawahi kurudishwa.

Kesho yake alfajiri alipanda gari la kwenda kusini, akavuka daraja la Rufiji mpaka Chumbi, kwa Maalim Amri, aliyejulikana kwa kutoa majini bila ngoma wala kelele. Alimkuta shambani akiwinga ndege kwenye mpunga. Maalim alinawa matope miguuni, akasikiliza yote, akapanda naye gari la kurudi.

Walipofika Kibiti walimkuta Mwantumu ameketi sakafuni ukumbini, mgongo wima, pete ikiwa kwenye kidole chake cha kati. Macho yalikuwa yake. Mkao haukuwa wake.

"Wewe ni nani?" Maalim aliuliza kwa upole.

"Mke wa nyumba hii." Sauti ilikuwa ya chini na yenye subira. "Nimeposwa kwa udi. Nimepewa mahari. Nimekubali."

"Ndoa hiyo haikusimama. Hapakuwa na walii wa kuozesha wala mashahidi."

"Kwenu," ilisema sauti. "Kwetu walikuwepo, walijaa chumba."

Maalim akamvuta Sadallah pembeni. Jini aliyeingia bila ruhusa hufukuzwa, alimweleza, lakini aliyeozwa hafukuzwi; huachwa. Kisha akamuuliza, macho yake chini, kama amelala naye. Sadallah alisema alidhani ni mkewe, Mwanaidi. Maalim akamshika bega, asimlaumu.

Sadallah akasimama mbele ya dada yake, akatoa talaka tatu, na kila moja aliitamka wazi, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo.

"Nimesikia," ilisema sauti. "Nitakaa eda."

"Anayo haki hiyo," Maalim alimnong'oneza Sadallah, jasho likimtoka. "Mwachwa hukaa kwenye nyumba ya mume mpaka eda iishe. Mpe hicho chumba, ufunge, usiingie. Mwenye talaka tatu ana haki ya paa tu, hana haki ya chakula, isipokuwa awe na mimba. Eda ikiisha atatoka mwenyewe, nawe utaoa."

Mwantumu akavua pete, akaiweka sakafuni, akaanguka ubavu, akaanza kulia kwa sauti yake mwenyewe. Wakaiweka pete chumbani, wakafunga. Maalim akaaga. Sadallah akampigia Zuhra, akamweleza yote bila kupunguza. Zuhra alilia kidogo, akasema nikahi isogezwe. Eda ina mwisho, naye anajua kungoja.

Ijumaa, saa ileile ambayo angekuwa msikitini akitaja jina la Zuhra, Sadallah alikuwa ukumbini na dada yake, sahani ya wali katikati yao, na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima Mwantumu alikuwa amecheka kwa jambo fulani la jirani, ndipo mlango wa chumba kilichofungwa ukagongwa kwa ndani, polepole, mara mbili, kisha ukagongwa tena chini zaidi, karibu na sakafu, kwa kiganja kidogo sana, kama cha mtoto.

"Baba," ilisema ile sauti yenye subira, "sisi huku tuna njaa."

Mwantumu aliziba mdomo kwa kanga. Simu ya Sadallah iliwaka juu ya mkeka. Zuhra alikuwa akipiga kujua siku ya kwanza ya kungoja imekwendaje. Sadallah aliitazama ikiita mpaka ikanyamaza. Kisha akainuka, akaenda jikoni kupakua.