Kijiti cha Norah

Kilichomrudisha Nerima ndani ya Boma jioni ile kilikuwa mkoba tu. Mkoba mdogo wa kahawia, mali ya mdogo wake Norah, wenye kitambulisho na kadi ya kliniki. Walikuwa wameusahau kwenye jiwe bapa walilokalia mchana wakila chapati. Bila kitambulisho, kuvuka pale Busia kurudi Kenya kungezua maneno mengi, na Norah, mwenye mimba ya miezi minane, hakuwa mtu wa kusimamishwa kwenye foleni ajieleze.

"Narudi saa hii," Nerima alimwambia Caro, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao, aliyesimama mlangoni mwa basi.

Norah mwenyewe alishaketi ndani, kiti cha dirishani, leso imemfunika uso. Nerima alimwona akamhurumia. Alale, maskini, jua la leo limemchosha. Jua lenyewe lilikuwa limebaki kidogo tu, limeegemea mwamba wa Tororo.

Safari ilikuwa ya siku moja na Caro ndiye aliyeipanga. Wavuke asubuhi, waende Kwapa, upande wa Uganda, kuona Boma la kale, wale, waombe, warudi. Boma hilo ni ukuta wa mawe na udongo uliozungukwa na handaki refu, na ndani yake ukuta mwingine mdogo. Waliolijenga hakuna anayewajua hata kwa jina. Annet, mwanamke mfupi mwenye gamubuti aliyekuwa akiwatembeza, aliwaambia lina miaka mia sita, labda mia saba. "Wazungu wanapanda ndege sababu ya hii ukuta," alijigamba, "na ninyi mnakaa hapa tu Busia, hamujui."

Kabla ya kuwaingiza aliwasimamisha langoni. Kila mmoja avunje kijiti, akilaze chini kando ya lango. Wakati wa kutoka, kila mmoja aokote chake.

"Hapa watu hatuhesabu," alisema. "Ukihesabu watu, kuna mwingine anasikia hiyo hesabu. Kijiti ndiyo inajua nani iko ndani, nani ametoka. Kila mtu naokota yake na mkono yake. Usiokotee mwenzako, hata kama ni mama yako."

Akina mama walicheka. Kwao Usamia pia watoto wa mtu hawahesabiwi, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa geni. Walicheka kwa sababu walikuwa matembezini, na mtu akiwa matembezini hucheka hata kisichochekesha.

Sasa huyu Nerima. Mama yao alipofariki, Norah ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, na tangu siku hiyo Nerima ndiye mama. Alimfunga kamba za viatu, alimmenyea ndizi, na hata baada ya Norah kuolewa alikuwa akienda kumfulia. Mchelea mwana kulia hulia yeye, majirani walimwambia, naye akawajibu kwa kumfulia zaidi. Basi walipofika langoni wakitoka, Norah akajaribu kuinama, tumbo likamkatalia.

"Wacha, mdogo wangu," Nerima alisema. Akaokota vijiti vyote viwili, akavitia mfukoni mwa sweta. Annet alikuwa amewapa mgongo, anapayuka kwenye simu na wageni wa kesho.

Kosa lenyewe ni hilo. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi pia ningeokota.

Nerima alilipita lango mbio, hakupunguza hata mwendo. Annet alikuwa kibandani mwake akitafuta kufuli. Ndani, nyasi zilikuwa zimeanza kuingiwa na giza, ila juu ya ukuta mwanga ulikuwapo bado, mwekundu. Mahali palepale palipojaa kelele za picha mchana sasa palikuwa kimya. Hata nyenje walinyamaza.

Mkoba ulikuwa juu ya jiwe. Akauchukua, akautundika begani, akageuka.

Ndipo harufu ikamfikia.

Mavi ya ng'ombe. Mabichi, ya asubuhi hiyo, yakichanganyika na moshi wa kuni. Nerima alizaliwa kwenye boma la ng'ombe, hawezi kukosea. Lakini hapa hapakuwa na ng'ombe. Mchana mzima hakuona hata mbuzi.

Kisha sauti. Ya chini, ya mbali, kama inatoka upande wa pili wa ukuta wa ndani.

Du... du... du...

Mtu alikuwa anatwanga.

Alijiambia ni majirani, wanawake wa Kwapa wanaandaa chakula cha jioni, na si vibaya mtu kutwanga. Alikuwa amepiga hatua kurudi langoni aliposikia jingine, na hilo halikuwa la majirani.

"Dada..."

Akasimama.

"Dada, mbona mmeniacha?"

Sauti ya Norah haijui? Ameisikia ikilia, ikiimba, ikimdanganya kuhusu wavulana. Akazunguka ukuta wa ndani, huku miguu haitaki na yeye anailazimisha.

Norah alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, mikono miwili imeshika tumbo. Hana viatu. Hana leso. Miguu imepakaa udongo mwekundu hadi kwenye magoti.

"Norah?" Nerima alinong'ona. "Si uko kwa gari?"

"Gari gani? Umeniambia ningoje hapa."

"Mimi?"

"Umesema, kaa hapo, nakuja kukuchukua. Nikakaa." Norah alianza kulia polepole. "Dada, kuna watu hapa. Wanapita tu, hawaniangalii."

Simu ikalia. Nerima nusura apige yowe. Ilikuwa Caro.

"We Nerima, harakisha! Dereva anasema mpaka uko na foleni. Na huyu mdogo wako anakuuliza uko wapi."

Nerima aliibana simu sikioni. "Nani anauliza?"

"Norah, nani mwingine? Huyu hapa. Ongea naye."

Simu ikabadilisha mkono. Nerima akasikia mtu akipumua. Mbele yake, kwenye udongo, Norah alimtazama kwa macho yaliyojaa machozi, mdomo umefungwa.

Na kwenye simu, Norah akasema:

"Dada. Rudi peke yako."

Nerima aliogopa. Aliogopa vibaya, hofu ya mtoto mdogo anayemtaka mama yake na mama hayupo. Hakujua aite nani. Aombe? Maneno ya sala yote yalimpotea, akabaki na "Yesu" tu, akalirudia mpaka likakosa maana. Mmoja wa hawa wawili ni mdogo wake, amebeba mtoto. Akikosea, atampeleka nyumbani asiyemjua na kumwacha wake hapa, kwenye giza, na wanaotwanga.

Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya tumbo la Norah.

Mtoto akapiga teke.

"Inuka," Nerima alisema. "Inuka, twende. Usiangalie nyuma."

Alimshika mkono wakakimbia, kama mwenye mimba anavyoweza kukimbia. Nyuma yao kutwanga kuliongeza kasi. Du-du-du-du. Moshi uliwachoma macho. Kuna wakati Norah aliuvuta mkono, kama anataka kugeuka, na Nerima akambana zaidi bila kuuliza kwa nini.

Langoni walimkuta Annet na kufuli mkononi. Aliwaona wawili, akasimama wima. Akatazama basi kule barabarani. Akawatazama tena.

"Nyabo, mama," alinong'ona. "Kijiti ya huyu, nani aliokota?"

Nerima aliingiza mkono mfukoni, akavitoa vyote viwili.

"Nilisema nini? Nilisema nini mimi?" Annet alionyesha chini. "Rudisha yake chini. Haraka. Yeye mwenyewe naokota."

Nerima akakilaza. Norah akashuka kwa magoti, tumbo linamsumbua, vidole vyake vyenye udongo vikapapasa, vikakipata.

Kutwanga kukakoma.

Kisha nyenje wakaanza, mmoja, wengine wakafuata. Norah alimkumbatia dada yake wakalia pamoja, na sioni haya kusema ilikuwa furaha tupu. Lakini Annet hakuwa amemaliza. Alikuwa anautazama mkono wa Nerima, wenye kile kijiti kilichobaki.

"Hiyo ni ya mchana," alisema taratibu. "Saa hii umeingia mara ya pili. Uliweka nini?"

"Sikuweka. Nilikuwa na haraka."

Annet akalitazama Boma, lililokwisha kuwa jeusi kabisa, na Nerima aliona wazi kwamba mwanamke huyu hangeingia humo tena jioni hiyo kwa lolote.

"Mwende tu," alisema. "Mwende nyumbani. Jua imekwisha."

Akafunga kufuli.

Kwenye basi, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. "Si ameshuka saa hii kukufuata?" Caro alishangaa. "Ooh, mmekutana. Sawa, ingieni." Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimelowa tope jekundu, na Kwapa haikuwa imeona mvua wiki nzima. Nerima alikifunika kwa sweta yake, akakikalia yeye mwenyewe, Norah akakaa kando yake.

Mpakani ndipo alipogundua kwamba mkoba hana. Alikumbuka kuutundika begani. Alikumbuka hata ukanda ulivyomkwaruza shingo. Hakukumbuka kuutua. Ofisa mmoja mpole aliliona tumbo la Norah, akasikiliza maelezo ya Caro, akawapisha.

Norah alijifungua salama. Mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti. Nerima aliposikia alicheza sokoni mbele ya wateja, akafunga meza yake ya viatu, akanunua unga wa wimbi na kuku, akaenda.

Norah alimpokea kwa heshima. Akamketisha, akamshukuru kwa kuku. Lakini mtoto hakumpa. Anaamka, alisema. Ananyonya. Ana mafua. Nerima alirudi mara nyingine, na nyingine, na kila mara kulikuwa na sababu mpya. Jirani aliyekuja kuazima kiberiti alipewa mtoto ambebe. Nerima aliona kwa macho yake, na iliuma kuliko kufiwa.

Kesho yake aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ilikuwa mchana mweupe.

"Norah, ni mimi. Nimeleta uji."

Kisha sauti ikaja karibu, kama mtu ameweka mdomo kwenye mbao.

"Dada, niambie ukweli. Siku ile kule Boma, tulipokuwa tunakimbia, umenishika mkono..."

"Ndiyo."

"Nilikusikia ukiniita kwa nyuma."

Nerima hakuelewa. "Nilikuwa mbele yako."

"Najua. Ulikuwa umenishika. Na nyuma pia ulikuwa unaniita. Ndiyo nilitaka kugeuka. Nikaangalia kidogo tu. Nikakuona umesimama pale kwa jiwe, mkoba wangu begani, unanitafuta huku na huku kama kipofu. Unalia, dada. Unasema Norah, Norah, uko wapi."

Sufuria ya uji ilianza kuwa nzito mikononi mwa Nerima. Aliiweka chini.

"Norah, acha utani. Fungua."

"Nikuulize kitu. Ukinijibu, naapa nitafungua, nitakupa mtoto, nitakupigia magoti unisamehe." Norah alikuwa analia sasa, hakujificha. "Usiku ule mama alifariki, tulitoka nyumbani tukiwa wawili tu. Ulinipeleka kulala wapi?"

Nerima karibu acheke. Hilo ndilo swali? Hilo analijua. Ni yeye aliyembeba mgongoni. Akafungua mdomo amjibu.

Akabaki hivyo.

Alikumbuka kwamba mama alifariki. Alikumbuka kwamba ilikuwa usiku. Alitafuta njia waliyopita, nyumba, mtu aliyewafungulia, uzito wa mtoto mgongoni, chochote. Alitafuta mpaka kichwa kikamuuma, na kila alipotafuta palikuwa patupu, kama chumba ambacho hakijawahi kukaliwa na mtu.

"Norah," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Ni mimi. Walahi ni mimi."

Upande wa pili Norah alivuta kamasi, akasubiri kidogo tena, akimpa nafasi.

"Najua unafikiri hivyo," alisema.

Mtoto akaanza kulia, na Nerima akasikia nyayo za mdogo wake zikienda chumba cha ndani.