Njia ya Panga

Kokuhirwa alikwenda kibanjani, kwenye shamba lao la migomba, kukata ndizi za mchana. Alirudi mikono mitupu.

"Baba Lilian, migomba mingine minne imenyauka. Naogopa. Watoto watakula nini?"

"Ni wadudu wa fukusi tu," mumewe Mwijage alijibu. "Nawajua hao kwa miaka thelathini."

Kijiji kizima cha Ijumbi kilimwita fundi wa migomba, na sifa zikamsahaulisha kuuliza. Alichukua panga, akakata majani ya manjano mgomba baada ya mgomba, akamwaga majivu. Wiki mbili baadaye ilinyauka migomba mingine kumi na mmoja. Sasa Mwijage naye aliogopa, ila kimoyomoyo. Kibanja kile aliachiwa na baba yake, na baba yake alizikwa mle mle.

Kokuhirwa hakuomba ruhusa. Alimwita Georgina, bibi shamba wa kata.

Georgina alikata mgomba mmoja mgonjwa. Ulitoka utomvu wa manjano.

"Taata Mwijage, fukusi hutoboa shina. Hapa hakuna tundu. Huu ni ugonjwa wa mnyauko, na unaambukiza."

"Umetoka wapi ugonjwa huo?" Mwijage aliuliza.

"Chora kibanja hapa chini. Weka punje ya kahawa kila palipo na mgomba mgonjwa. Sasa chora njia uliyopita na panga."

Mwijage alichora kwa kijiti. Kijiti kiligusa punje zote.

"Mungu wangu! Ni mimi. Nimeusambaza kwa panga langu."

"Mazoea yana taabu," Georgina alisema kwa upole. "Akili ikizoea jibu moja, haitafuti la pili. Hata mimi hunitokea. Ukikwama, lichore tatizo, muulize mwenzako, tafuta kinachopinga wazo lako."

Aliwafundisha kukata kila mgomba mgonjwa chini kabisa, kuondoa ua dume, lile linaloning'inia mwisho wa mkungu, kwa mti wenye panda badala ya panga, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Lakini kurudi jikoni kila mara kulichosha. Mwijage aliwaza, akafunga waya kwenye kopo kuukuu, akatia makaa, akatembea nalo kibanjani.

Miezi minane walilala kwa hofu. Kisha Kokuhirwa akarudi na mkungu mzima kichwani, analia kwa furaha.

Siku hiyo hiyo jirani yao Kamala alikuja mbio. "Mzee, migomba yangu imekuwa ya manjano! Ni fukusi?"

"Sijui," alijibu Mwijage. "Twende tukaangalie."

Kokuhirwa alimkodolea macho. Tangu waoane, hakuwahi kumsikia akitamka neno "sijui".