Springi za Gari Lililokatwa

Giza lilikuwa linaanza kuingia fundi Nyundo alipofunga gereji, akaenda kutafuta springi. Gari lake la zamani lilikuwa limelala nyuma, na kila shimo la barabarani lilimpiga abiria mpaka utosini. Lakini kilichomtoa mbio hivyo kilikuwa neno la mama yake, asubuhi ile alipokataa kupelekwa hospitali naye.

"Nitakwenda na mdogo wako. Gari lake linanibeba kama mtoto mbelekoni."

Nyundo na mdogo wake walifanya kazi gereji moja, na ziwa walilonyonya ni moja. Neno lile alilimeza. Halikushuka.

Kwenye yadi ya magari mabovu alimkuta mwanamke aliyevaa glavu mkono mmoja. Springi za aina ya gari lake zilikuwa zimekwisha. Mwanamke akamwonyesha gari la kampuni nyingine kabisa, limekatwa katikati. Springi zake mbili za nyuma zilikuwa juu ya gunia.

"Hizi hazikai kwenye gari langu," Nyundo akasema.

"Zitakaa." Mwanamke akashusha sauti. "Gari lako lina nafasi?"

Nyundo akacheka kwa uchungu. "Tele! Nani anataka kulipanda?"

"Yupo."

Na kweli zikakaa. Hazikukatwa, hazikuongezewa mpira. Nyundo alizoea kupigana na springi za kuazima mpaka atoke jasho, lakini hizi zilijikunja zenyewe. Chuma kilikuwa na vuguvugu, kama mkono wa mtu.

Gari likanyanyuka. Likatembea kama linaelea.

"Kaka, hapa umetuweza!" mdogo wake akamsifu, kwa moyo mweupe. Nyundo akanuna tu. Hakutaka sifa zake. Alimtaka mama.

Naye mama akaja. Safari iliyofuata ya hospitali alipanda nyuma ya gari la Nyundo, na Nyundo akapita makusudi mbele ya mdogo wake, honi juu. Roho yake ilitulia kwatu.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa linazama.

"Mwanangu," mama akasema, "mwambie mwenzangu asogee kidogo."

Nyundo alidhani amesikia vibaya. Akatazama kioo cha ndani.

Mama alikuwa peke yake. Lakini alikuwa amebanwa mlangoni, bega limepinda.

Gari lilikuwa limeinama upande wa pili... upande mtupu.

Kisha harufu ikaja. Udongo mbichi. Nguo iliyolowa.

Ngiiii...

Springi ikalia, kama chini ya mtu anayejigeuza kitini.

Nyundo hakugeuka. Alimfikisha mama nyumbani. Angeweza kumwita mdogo wake, lakini wivu ulimziba mdomo: amwambie nini, kwamba hata hili limemshinda? Akapiga jeki peke yake, akazing'oa zile springi, akazirudisha yadi.

Mwanamke alikuwa anafunga geti.

"Gari lile lilikuwa la nani?" Nyundo akanong'ona.

"La kijana mmoja. Alikuwa anakwenda kwa mama yake. Walikuwa wamekosana kwa sababu ya ndugu yake." Akasukuma komeo la geti. "Hakufika."

"Chukua springi zako!"

"Chuma nitachukua," mwanamke akasema, akimtazama kwa huruma. "Lakini yeye... si ameshashuka?"

Nyundo alikimbia njia nzima.

Nyumbani alimkuta mdogo wake amesimama mlangoni pa sebule, haingii. Taa ilikuwa inawaka. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, amejibana, na mto wa pembeni yake umebonyea katikati.

"Mama," mdogo wake akaita, "nikae hapo?"

"Hapo pana mtu."

Alisema bila kugeuka. Mkono wake ulikuwa unapapasa hewani taratibu, kimo cha kichwa cha mtu aliyemwegemea begani.

"Pole, mwanangu," akanong'ona. "Pole. Umechelewa sana."

Tangu wazaliwe, hakuna kati yao aliyewahi kuitwa kwa sauti tamu namna ile. Mdogo wake alimshika Nyundo mkono, kwa nguvu, kama zamani walipokuwa watoto. Nyundo akamtazama usoni, akauona wivu wake mwenyewe kwenye macho ya ndugu yake.

Mto ukabonyea zaidi.

Mama akasogea, akampa nafasi.